Mgombea Huyu Amewahi Kumtolea Nani Hesabu?

Tangu Tume ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ipate makamishna wapya Julai 2025 na kurejelea usajili wa wapigakura Septemba mwaka huo, wadi za Kenya zimeingia msimu wa utambulisho, ambapo wanaowania udiwani hujitambulisha kwa wapigakura. Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027, na ukiifuata barabara kutoka Mtwapa hadi Malindi utazikuta sura mpya zimebandikwa kwenye milingoti na nyuma ya tuktuk. Maneno yaliyo chini ya picha hayatofautiani sana: mhandisi, muuguzi, mwalimu, mhasibu, amesomesha mayatima, amechimba kisima, amedhamini mashindano ya kandanda. Wachambuzi wengi, na vijana walioingia barabarani Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha, wanalichukua jambo hili kama ushindi. Wanasema hatimaye watu wa taaluma na wa kujitolea wanawaondoa wanasiasa wa kelele. Mimi naona wagombea wamebadilika lakini kipimo chetu hakijabadilika. Bado tunahesabu alichotoa mfukoni, kisha tunaongeza cheti juu yake. Ninaloamini ni kwamba huduma na taaluma ya mtu zinatuambia kitu kuhusu udiwani wake pale tu alipokuwa na mali au kazi ya wenzake mikononi mwake, na wenzake hao wakawa na uwezo wa kumuuliza na kumwondoa. Msaada alioutoa kwa hiari yake, kwa pesa yake, kwa mtu aliyemchagua mwenyewe, unaonyesha ukarimu. Hauonyeshi atakavyofanya kazi tunayomtuma.

Tuanze na kazi yenyewe, maana hapo ndipo utambulisho mwingi unapopotea. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataja wajibu wa mwakilishi wadi, yaani diwani, kwa maneno machache. Awe karibu na wapigakura na kushauriana nao, afikishe maoni yao katika bunge la kaunti, ahudhurie vikao vya bunge na vya kamati, awe kiungo kati ya bunge na wananchi kuhusu huduma za umma, na atumie taaluma, uzoefu au ujuzi wake maalumu katika jambo lolote linalojadiliwa. Kwa hiyo wanaotilia mkazo taaluma wana sheria upande wao, na si jambo dogo. Lakini kifungu hichohicho kinaendelea kumkataza diwani kujiingiza, waziwazi au kwa mlango wa nyuma, katika kazi za utendaji za serikali ya kaunti, au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wa kaunti. Mtu anayesimama jukwaani akasema atajenga zahanati, atachimba visima na kutia lami barabara ya kijiji anaahidi kazi ambayo sheria haimpi. Zahanati hujengwa na idara ya afya iliyo chini ya gavana. Diwani huidhinisha pesa, huuliza zimekwenda wapi, na hutunga sheria za kaunti. Tunapomshangilia mgombea kwa sababu tayari ameshachimba kisima, tunamsifu kwa kazi ya ofisi nyingine kabisa.

Na hiyo kazi ya kuidhinisha na kuuliza ina kalenda yake, ambayo sijasikia mgombea akiizungumzia mikutanoni. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1. Waraka wa mwelekeo wa matumizi huletwa kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na bunge lazima liwe limeyaidhinisha kabla ya Juni kwisha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inasema bunge likitaka kuongeza pesa mahali, lazima lipunguze kiasi hichohicho mahali pengine. Maana yake ni kwamba barabara ya wadi yako inaondoa kitu katika bajeti ya mwenzako au ya idara fulani, na mwenzako huyo naye ana wapigakura. Kaunti yetu ya Kilifi ina wadi 35. Diwani mmoja aliye peke yake hana analoweza. Anahitaji kuwashawishi wengine, na mara nyingi anahitaji kushindwa hoja Jumanne na kurudi Alhamisi kushirikiana na walewale waliomshinda. Baadaye huja ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Katiba, katika kifungu cha 229, inalipa bunge la kaunti miezi mitatu tangu kupokea ripoti hiyo liijadili na kuchukua hatua. Hapo ndipo inapoulizwa zahanati iliyolipiwa mbona haina paa, au dawa zilizoandikwa kuwa zimenunuliwa zilifika wapi. Kuuliza hivyo mbele ya waziri wa kaunti, ambaye labda ndiye anayeamua barabara ya wadi yako itaanza lini, kunahitaji mtu wa namna fulani. Bango haliwezi kutuambia kama huyu ndiye.

Upande wa pili una hoja nzito, na sipendi jinsi wasomi wa mijini wanavyoipuuza. Hoja hiyo inasema hivi: mwananchi wa wadi ya ndani hajawahi kuiona serikali ya kaunti ila kwa jina. Mtoto alipougua usiku, gari lililompeleka hospitali lilikuwa la mfanyabiashara ambaye leo anawania. Mwili ulipozuiliwa chumba cha maiti kwa sababu ya deni, ni yeye aliyelipa. Kumwambia mama wa mtoto huyo asimpime mgombea kwa alichotoa ni kumwambia asahau siku mbaya kuliko zote maishani mwake. Nilihudhuria mkutano mmoja wa utambulisho upande wa Takaungu, na bibi mmoja alisimama akasema maneno ambayo hakuna aliyethubutu kuyajibu: "Huyu mwanangu alikuja matangani kwangu. Nyie wa katiba mlikuwa wapi?" Sina jibu la kumfariji bibi huyo, na sidhani kama anahitaji somo kutoka kwangu. Mpigakura anayemchagua aliyemsaidia anatumia ushahidi pekee alio nao, na anautumia kwa akili.

Hata hivyo, hoja hiyo nzito inathibitisha kitu kimoja, kwamba huduma za umma hazikumfikia. Inaacha wazi swali la nani atazifanya zimfikie. Gari la mfanyabiashara lilifika kwa sababu ambulensi ya kaunti haikufika, na kama ambulensi hiyo ilikuwa imeegeshwa bila mafuta, kuna diwani aliyepaswa kuuliza pesa za mafuta ziko wapi. Mfadhili mzuri anaweza kuwa diwani mzuri. Lakini yako mazoea mawili tofauti hapa, na moja laweza kulidhoofisha lingine. Aliyezoea kutatua shida kwa simu moja na noti kadhaa huona kikao cha kamati kinachochukua muda wa saa tano juu ya jedwali la takwimu kama kupoteza wakati. Akishachaguliwa, foleni mlangoni kwake huwa ndefu kuliko mshahara wake, naye huanza kutafuta mahali pa kuzipata pesa za kuendelea kutoa. Ndiyo maana hazina za maendeleo za wadi na basari zimekuwa kiini cha siasa za mabunge ya kaunti kuliko sheria yoyote. Mapema 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti zisitoe basari za sekondari na vyuo bila makubaliano rasmi na serikali kuu, kwa kuwa elimu ya ngazi hizo si jukumu la kaunti, na magavana wakaenda mahakamani. Katika kelele zote zilizofuata, chekechea na vyuo vya ufundi, ambavyo Katiba imevikabidhi kaunti waziwazi, havikupata mtetezi wa sauti kama hiyo.

Kuna hoja moja ninayoisikia kila mahali, na ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba mtu aliyekwisha kutoa pesa zake nyingi hatakuwa na haja ya kuiba zetu. Wengine husema kwa ufupi kwamba tajiri haibi. Kwanza, historia fupi ya ugatuzi tangu 2013 haina ushahidi wowote wa kuitetea. Magavana waliong'olewa na Seneti kwa tuhuma za matumizi mabaya ya fedha, kama Ferdinand Waititu wa Kiambu Januari 2020 na Mike Sonko wa Nairobi Desemba mwaka huohuo, hawakuingia ofisini wakiwa maskini, na Sonko alijulikana nchi nzima kwa kugawa. Pili, watunga sheria wenyewe wameuona uhusiano kati ya kutoa na kutafuta kura. Sheria ya Uchaguzi inamwondolea sifa mgombea anayeshiriki harambee ndani ya miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu, yaani kuanzia Desemba 2026 kwa uchaguzi ujao. Kama ukarimu ungekuwa dhamana ya uaminifu, isingefaa kuupiga marufuku wakati tunapouhitaji zaidi. Tatu, hatujui pesa hizo zinatoka wapi. Sheria ya Kugharamia Kampeni imekuwapo tangu 2013, na bado tulipiga kura 2022 bila viwango vya matumizi kutekelezwa. Mtu anaweza kugharamiwa na wakandarasi watatu wanaosubiri zabuni, nasi tukamwita mfadhili wa jamii. Anayetoa bila kuulizwa chanzo hajatuonyesha uaminifu. Ametuzoesha tu kutouliza.

Basi taaluma? Hapa nasimama karibu zaidi na wale ninaowapinga, kwa sababu makadirio ya bajeti ni kitabu kinene na kinaandikwa kwa lugha ya kuchosha, na diwani asiyeweza kukisoma atapiga kura jinsi kiongozi wa walio wengi anavyomwashiria. Lakini tumeichanganya taaluma na shahada. Bunge la taifa lilipojaribu kuwalazimisha madiwani wawe na digrii, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba Oktoba 2021, na nadhani ilifanya vyema. Shahada inasema mtu alifaulu mitihani miaka kadhaa iliyopita. Haisemi kama amewahi kukataa kutia saini hati asiyoiamini. Tuangalie alichofanya ndani ya taaluma. Muuguzi msimamizi aliyeendesha zahanati ya kijiji anajua dawa huagizwa vipi, huchelewa wapi, na ni nani husema uongo kuhusu kuchelewa huko. Katika kamati ya afya, mtu huyo ana thamani kuliko daktari bingwa aliyekaa Nairobi miaka 20 na kurudi na bango. Mwalimu mkuu aliyesimamia pesa za shule mbele ya bodi na wazazi ameshafanya nusu ya kazi ya kamati ya uhasibu. Mhandisi anayelipwa na kampuni zinazotafuta zabuni za barabara za kaunti, kinyume chake, analeta ujuzi pamoja na mgongano wa maslahi, na utambulisho wake hutaja ujuzi peke yake. Wenye kazi za umma wanatakiwa wajiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi, yaani mapema Februari 2027. Wa kampuni binafsi hawana tarehe kama hiyo, kwa hiyo swali la anayemlipa linabaki kwetu sisi.

Kuna wadi chache sana zisizokuwa na watu waliopitia shule hii ninayoizungumzia, ya kushika mali ya wenzao na kuulizwa, na nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo palipo na utajiri ambao mikutano ya utambulisho huupita bila kuuona. Chukua bandari ndogo za wavuvi katika pwani yetu. Tangu kanuni za 2007, kila moja inaweza kuwa na kitengo cha usimamizi wa ufuo, kile watu wanachokiita BMU, chenye kamati inayochaguliwa na wavuvi, wachuuzi na mama karanga, yaani wanawake wanaokaanga na kuuza samaki. Mwekahazina wake hushika ushuru wa samaki wanaoteremshwa. Anapogombana na mvuvi kuhusu kilo, mvuvi huyo atakuwapo kwenye mkutano wa wanachama, na ana kura. Mwenyekiti naye anawajibika kuwaambia ndugu zake mwenyewe kwamba nyavu fulani haziruhusiwi, kisha kesho awaombe wamchague tena. Nani kati ya wanaobandika mabango amewahi kupita katika tanuri hilo? Kamati ya maji ya kijiji ni hivyohivyo. Kila mwezi bei ya mtungi inagombaniwa, pampu ikiharibika watu wanataka kuona akiba, na akiba isipoonekana hakuna hotuba itakayomwokoa mtu. Wako walioongoza chama cha akiba na mikopo, ambapo hesabu zilizokaguliwa husomwa mbele ya wanachama kila mwaka. Wako wajumbe wa bodi za shule waliowaambia wazazi ukweli kuhusu ada. Na wako wahudumu wa afya ya jamii, ambao kila mmoja hutembelea nyumba zipatazo 100, na tangu serikali iwape simu na vifaa mwaka 2023 taarifa za ziara zao huingia kwenye mfumo. Mtu huyo anajua ni nyumba ipi haina choo, mjamzito yupi hajaenda kliniki, na mzee yupi anafichwa. Hiyo ndiyo huduma kwa jamii ninayotaka kuisikia ikitajwa, kwa sababu iliambatana na deni la kujieleza.

Nitaambiwa kwamba kamati hizo nazo zimeoza. Ni kweli kwamba ziko BMU zilizotekwa na matajiri wa samaki, bodi za shule zilizojaa watu wa mheshimiwa, na vikundi ambavyo mwenyekiti wake hajabadilika tangu kuanzishwa. Lakini ubovu huo unajulikana, na kujulikana kwake ndiko ninakokutafuta. Ukimuuliza mwanachama wa kamati ya maji kama mwekahazina wao alikuwa mwaminifu, atakuwa na jibu na atakuwa na sababu, na jirani yake ataweza kumpinga kwa sababu nyingine. Ukiuliza kuhusu mfadhili aliyegawa mabati, hakuna anayejua mabati hayo yalikuwa mangapi, nani alirukwa, na kwa nini. Pingamizi jingine ni kwamba mambo ya kijiji ni madogo mno kumwandaa mtu kwa mabilioni ya kaunti. Hilo lina uzito zaidi, na silipuuzi. Anayeweza kusimamia akiba ya pampu huenda asielewe deni la kaunti kwa wakandarasi. Hata hivyo, bunge lina makarani, lina watafiti, lina mafunzo, na ujuzi wa nyaraka mtu mzima anaweza kujifunza ndani ya mwaka mmoja akitaka. Tabia ya kukubali kuulizwa ni vigumu mno kuianza ukubwani, ukiwa na cheo, walinzi na watu wanaokuita mheshimiwa.

Kwa hiyo mikutano yenyewe inaweza kuendeshwa tofauti. Kwa desturi yetu mgombea hutambulishwa na wazee, na mshereheshaji husoma wasifu, kisha hufuata ngoma na chakula. Wazee wana nafasi yao. Lakini kama mgombea anasema aliongoza kikundi, basi waliokuwa kwenye kikundi hicho wapewe kipaza sauti, hasa yule aliyebishana naye. Aulizwe ni uamuzi gani wa kamati ulipita yeye akiwa hautaki, na alifanya nini baadaye. Aulizwe ni lini alikataa ombi la rafiki yake kwa sababu pesa hazikuwa zake. Aulizwe anataka kuingia kamati ipi ya bunge na ameona nini katika ripoti ya mwisho ya Mkaguzi Mkuu kuhusu kaunti yetu, ripoti ambayo iko wazi kwa kila mtu. Mgombea makini atafurahia maswali haya, maana ndiyo yatakayomtofautisha na mwenye gunia la pesa.

Kipimo hiki kikikubaliwa, matokeo makubwa yatakuwa juu ya nani anatambulishwa. Walio wengi katika kazi hizo za kujieleza ni wanawake: waweka hazina wa vyama vya mzunguko, wahudumu wa afya ya jamii, wasemaji wa wazazi, mama karanga katika kamati za wavuvi. Lakini katika uchaguzi wa 2022, kati ya viti 1,450 vya wadi nchini, waliochaguliwa wanawake hawakufika mmoja kwa kila kumi. Wengi wa walioingia mabungeni waliteuliwa kupitia orodha za vyama ili kutimiza sharti la jinsia, na orodha hizo hupangwa Nairobi na watu wasiowahi kuwaona wakifanya kazi. Sababu inayotolewa kila mara ni kwamba wanawake hawajitokezi. Wanajitokeza kila wiki, chini ya mwembe, na daftari mkononi. Wasichokuwa nacho ni pesa za hema, jenereta na pilau ya watu 500, na sisi tumeifanya pilau hiyo kuwa mtihani wa kwanza wa uongozi. Vyama vikifika kwenye mchujo, vikaacha kuuliza mwaniaji ana magari mangapi, vikamtaka alete wajumbe watatu wa kamati aliyowahi kuiongoza waje wamsemee au wamseme, baadhi ya mabango yaliyoko barabarani leo yatashuka. Na wale watakaokosa tiketi bado wana mlango mwingine, kwa kuwa Katiba inamruhusu mgombea huru wa udiwani kusimama akiungwa mkono na wapigakura 500 waliosajiliwa katika wadi yake. Mhudumu wa afya mwenye nyumba 100 anazozijua kwa majina anaweza kuwapata 500 hao kwa miguu, mradi waliokwisha kumwona akifanya kazi wamwambie mapema kwamba watatia saini.